Vipimo vipya vya saratani: Anayewahi ndiye anayeokoa mtaji

MZUMBE

Malori yanayoshuka kutoka Mgeta na shehena ya kabichi, karoti na njegere hupita Mlali na hapa Mzumbe kabla ya kuibukia Sangasanga, kwenye barabara kuu ya Iringa. Yote yanakimbizana na saa. Mwenye matenga ya nyanya za Mlali anajua fika kwamba mzigo uliokwama usiku mmoja njiani hauuzwi kwa bei ya jana utakapofika Ilala au Mabibo. Wiki hii ukurasa huu unaacha kando bei za mazao na kuzungumzia kitu kingine kinachoharibika kwa saa na siku, nacho ni nafasi ya mgonjwa wa saratani kupona.

Si kwamba tumegeuka gazeti la madaktari. Mfanyabiashara mdogo huandika daftarini nauli, ushuru, kuli na mali iliyooza. Ugonjwa hauandiki mpaka utokee, na ukitokea mtaji ndio unaolipa. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa Tanzania hupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kila mwaka. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake hukamata wanawake zaidi ya 10,000 kwa mwaka na kuua zaidi ya 6,000. Hao ni akina mama wa umri wa kufanya kazi, na wengi ndio wenye meza sokoni. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imerudia kwa miaka mingi kusema kuwa wagonjwa wake walio wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

Hapo ndipo penye hesabu. Katika miaka ya karibuni sayansi imeleta mambo mengi mapya, mengine ya mabilioni ya shilingi na mengine ya bei ya chupa ya siki. Tumeyapitia kwa jicho la soko: kipi kinamfaa mtu wa Mzumbe, kipi ni cha kusikia tu redioni, na kipi kinabadilisha hesabu za daftari.

Tuanze na cha bei ndogo, maana ndicho chenye faida kubwa.

Kipimo cha siki hakina maajabu. Mhudumu hupaka asidi ya siki, yenye nguvu ya asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja hivi, kisha anaangalia kwa macho na taa. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Hakuna maabara wala kusubiri majibu wiki mbili. Kasoro yake ni kwamba kinategemea jicho la mhudumu, na kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi hakiaminiki sana, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuonekana inakuwa imeingia ndani.

Jambo lililobadilika ni kinachofuata baada ya weupe kuonekana. Zamani tiba ya papo hapo ilikuwa kugandisha sehemu hiyo kwa gesi: kugandisha dakika tatu, kuacha iyeyuke dakika tano, kisha kugandisha tena dakika tatu. Kazi hiyo ilihitaji mtungi mzito wa gesi, na mtungi ukiisha mama anaambiwa arudi siku nyingine. Mtu aliyetoka Nyandira kwa miguu na kwa gari akiambiwa arudi siku nyingine, tuseme ukweli, mara nyingi harudi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutumia kifaa kidogo cha kuunguza kwa joto, kinachoshikwa mkononi na kinachoweza kutumia betri. Hufika nyuzi joto 100 na kazi yake huchukua sekunde 20 hadi 30, ikirudiwa inapolazimu. Anayepimwa asubuhi na kukutwa na mabadiliko madogo hutibiwa asubuhi hiyo hiyo, akarudi genge lake mchana. Ile ambayo ingekuwa saratani miaka kumi baadaye inakuwa imekatwa mzizi. Mabadiliko makubwa zaidi, au yanayotiliwa shaka kuwa saratani tayari, hupelekwa hospitali kubwa.

(Hapa mwenye hisa asishtuke. Kampuni ya TOL Gases, ambayo mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, huchimba gesi ya kabonidayoksaidi kule Rungwe, na gesi ya aina hiyo soko lake kubwa ni soda na bia. Kifaa cha joto hakitamwondolea mtu gawio.)

Kipimo cha pili ni kipya zaidi nacho kinatafuta virusi vyenyewe. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha vinasaba vya virusi hivyo kiwe ndicho cha kwanza, kuanzia umri wa miaka 30. Kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI ni kuanzia miaka 25, maana hatari yao ni takriban mara sita ya wenzao. Mwanamke anaweza kuchukua sampuli mwenyewe, faraghani, kwa kijiti chenye pamba. Kwa wengi hilo ni kubwa kuliko teknolojia yote, kwani aibu imezuia watu kupima kuliko hata nauli.

Aidha, sampuli hiyo inaweza kupimwa kwa mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu, na majibu hutoka kwa muda wa saa moja hivi. Hapa Morogoro mambo ya makohozi si mageni; ndiko waliko panya wa APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, wanaonusa kifua kikuu. Mashine ya makohozi kupewa kazi ya pili ni akili ya biashara kabisa, sawa na lori linalopeleka kabichi Dar es Salaam na kurudi na saruji. Huduma hii bado inaenea polepole na vituo vingi vinaendelea na siki. Aulizaye ndiye anayejua kituo chake kina nini.

Katika upande wa chanjo kuna habari ambayo haikupata kelele iliyostahili. Tanzania ilianza kuchanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima Aprili 2018, dozi mbili zikipishana miezi sita. Dozi ya pili ndiyo iliyokuwa ikiponyoka: msichana amehama shule, au siku hiyo hakuwepo. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 2017, watafiti walikuwa Mwanza wakifuatilia wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 waliopewa dozi moja, mbili au tatu. Miaka miwili baadaye karibu wote wa dozi moja walikuwa na kinga mwilini. Kenya nako, utafiti kwa wanawake vijana ulionyesha dozi moja ikizuia aina mbili hatari zaidi za virusi kwa zaidi ya asilimia 97 katika miezi 18 ya kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali utaratibu wa dozi moja, na mwaka 2024 Tanzania ikahamia huko kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Nchi nyingi sasa zinanunua nusu ya chanjo iliyokuwa ikihitajika, kwa sehemu kutokana na damu iliyotolewa na wasichana wa Mwanza. Mzazi wa Mzumbe mwenye binti wa umri huo halipi kitu.

Sasa tuje kwenye vyuma vizito.

Ocean Road, jengo la Wajerumani la miaka ya 1890 lililoko ufukweni, imekuwa taasisi inayojitegemea kisheria tangu mwaka 1996. Kwa miaka mingi kazi yake ya mionzi ilifanywa na mashine za kobalti. Kobalti ni mali inayopungua hata ikikaa bure: nguvu yake hushuka hadi nusu kila baada ya miaka mitano na miezi mitatu. Mgonjwa aliyekuwa akilala chini ya mashine dakika mbili, baadaye atahitaji dakika nne kupata kiasi kile kile cha mionzi, na foleni inarefuka bila mtu yeyote kufanya uzembe. Faida yake ni kuwa haisumbuliwi sana na umeme. Mwaka 2018 taasisi ilipata mashine mbili za LINAC, mradi uliogharimu zaidi ya shilingi bilioni 9. Hizi huzalisha mionzi kwa umeme, hazizeeki kwa namna ya kobalti, na humlenga mgonjwa kwa usahihi zaidi ili nyama nzima iliyo jirani isiungue. Lakini zinataka umeme usioyumba, ubaridi wa kudumu na mafundi. Bugando, Mwanza, nako hutolewa tiba ya mionzi.

Anayedhani idadi ya mashine ni jambo la fahari tu aitazame Uganda. Nchi hiyo ilikuwa na mashine moja ya mionzi, ya kobalti, pale Mulago tangu mwaka 1995. Mwaka 2016 iliharibika kabisa. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Katikati hapo tiba ya mionzi kwa mtu wa Uganda ilikuwa Nairobi, wengine kwa msaada wa serikali yao na wengine kwa kuuza walichonacho. Saratani ya mlango wa kizazi iliyofikia hatua ya mionzi hutakiwa matibabu yake yote yaishe ndani ya wiki nane, na kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuidhibiti. Sasa mtu amesubiri mwaka mzima.

Habari iliyo bora kuliko zote kwa mtu wa mkoani, kwa maoni ya ukurasa huu, haihusu mashine mpya kabisa. Inahusu kuitumia ile iliyopo kwa siku chache zaidi. Matibabu ya mionzi hayatolewi kwa mara moja. Hugawanywa katika vipande vya kila siku ya kazi. Kwa saratani ya matiti kawaida ilikuwa mara 25, yaani wiki tano. Utafiti wa Uingereza ulionyesha kuwa mara 15, wiki tatu, zinatosha kwa wengi. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa huko huko ukaonyesha mara 5 katika wiki moja zikifanya kazi ile ile kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo. Kwa tezi dume, mara 37 zimeweza kushuka hadi 20.

Tupige hesabu. Hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke bei zake. Tuseme mgonjwa na ndugu wa kumsindikiza wanalala Dar es Salaam kwa shilingi 20,000 kwa usiku, na chakula cha wote wawili ni 14,000 kwa siku. Treni ya SGR ilipoanza safari za Morogoro Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000. Kwenda na kurudi kwa wawili ni 52,000. Wiki tano, siku 35, zinakula 1,242,000. Wiki tatu zinakula 766,000. Wiki moja inakula 290,000. Kati ya wiki tano na tatu pekee imeokolewa 476,000, na hapo hatujaweka genge lililofungwa wala mteja aliyehamia kwa jirani. Serikali imeweka saratani kwenye magonjwa ya msamaha katika sera yake, lakini hakuna sera inayomlipia mtu gesti ya Kariakoo.

Si kila mgonjwa anafaa kwa mpango mfupi. Daktari ndiye anayeamua kwa kuangalia hatua ya ugonjwa na uwezo wa mashine. Ila swali la "zitakuwa mara ngapi?" ni haki ya mgonjwa kuliuliza kabla hajafunga safari. Saratani ya mlango wa kizazi bado inadai takriban wiki tano za mionzi ya nje pamoja na ile inayowekwa ndani ya mwili, na haijapata njia ya mkato iliyokubalika kila mahali. Aliyewahi kipimo cha siki amejiepusha na bili hiyo yote.

Wengi wamesikia pia habari ya PET/CT. Katika miaka hii ya 2020 Ocean Road imejenga kiwanda kidogo, kinachoitwa saiklotroni, cha kutengeneza dawa inayotumiwa na mashine hiyo. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilitangulia mwaka 2018. Dawa yenyewe ni sukari iliyofungwa chembe ya mionzi. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa, hivyo zinawaka kwenye picha na daktari anaona ugonjwa umefika wapi.

Mfanyabiashara wa nyanya ataielewa bidhaa hii kuliko mhasibu. Nguvu ya chembe hiyo hushuka nusu kila dakika 110. Ikitoka Dar es Salaam kwa barabara na kufika Morogoro baada ya saa nne, imebaki takriban moja ya tano. Kwa treni ya saa mbili imebaki chini kidogo ya nusu. Hakuna jokofu linaloisaidia. Ndiyo maana kiwanda lazima kiwe jirani na mashine, na ndiyo maana mikoa mingi itaendelea kuwapeleka wagonjwa kwenye dawa badala ya dawa kuwafuata wagonjwa. Ieleweke pia kuwa PET/CT si kipimo cha mtu mzima wa afya kwenda "kujicheki". Ni ya kupanga matibabu ya mtu ambaye tayari amekutwa na saratani. Wanaopita sokoni na vijisanduku vya "kupima mwili mzima" kwa kushika kidole hawauzi kitu kinachofanana nayo, hata kwa mbali.

Kwenye dawa, kelele kubwa ni za zile zinazoamsha kinga ya mwili, ambazo wagunduzi wa msingi wake walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018. Zimewanusuru watu waliokuwa wamekatiwa tamaa, ila dozi moja ni mamilioni ya shilingi na dozi si moja. Kwetu kuna habari ndogo yenye uzito zaidi. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofuatilia wanawake 500 wenye saratani ya mlango wa kizazi. Nusu yao walipewa kwanza wiki sita za dawa mbili za zamani, zisizo na hati miliki, kabla ya mionzi ya kawaida. Baada ya miaka mitano walikuwa hai 80 katika kila 100, dhidi ya 72 kwa wenzao. Dawa za bei ya kuzoeleka zimeongeza watu wanane kwa kila mia! Msomaji atazame na maandishi madogo: wengi wa wanawake hao walikuwa hatua ya pili. Kwa anayefika na hatua ya nne, utafiti huu haumsemei.

Kwa watoto, Afrika Mashariki ina historia yake. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, akiwa Mulago, saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake, nayo ni kati ya saratani zinazotibika kwa dawa. Kikwazo kimekuwa kuitambua: kinyama kikatwe, kisafirishwe, kisomwe na mtaalamu, na hao ni wachache. Uvimbe huo unaweza kukua mara mbili kwa siku chache, haungoji bahasha. Watafiti wa Tanzania, Uganda na Oxford wamekuwa wakijaribu kipimo kinachotafuta alama za ugonjwa huo ndani ya damu tu. Mtoto mwenye taya lililovimba ghafla asipelekwe kung'olewa meno moja baada ya jingine.

Kuhusu wanaotafuta njia ya mkato, tukumbushane tu Loliondo mwaka 2011. Kikombe cha Samunge kilikuwa shilingi 500. Kilichowaumiza watu ni nauli, na siku walizoacha dawa za hospitali.

Mwekezaji mdogo atauliza afanye nini na haya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, na kabla ya kujiunga na fungu lolote la bima ni vyema kusoma huduma zinaishia hospitali ya ngazi gani. CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018, kwa mfano, ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, nafuu kweli, lakini iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ocean Road ilikuwa nje ya mpaka wake.

Jambo jingine ni la vikoba. Karibu kila kikundi kina mfuko wa jamii, na kwa desturi mfuko huo hufunguliwa mtu akilazwa au akifa. Kikundi cha akina mama 30 kinaweza kukubaliana kuufungua mara moja kwa mwaka kulipia nauli ya kwenda kituo cha afya kupimwa, wote kwa siku moja, gari moja. Bei ya gari hilo ni sehemu ndogo ya wiki moja ya mgonjwa mmoja Dar es Salaam. Atakayekutwa salama kwa kipimo cha virusi anaweza kukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kurudi, na mwenye virusi vya UKIMWI miaka 3 hadi 5. Kwa siki marejeo ni ya karibu zaidi, na mhudumu atamwandikia tarehe. Baba wa miaka 50 na kuendelea anayeamka usiku mara nyingi kukojoa, naye apande gari hilo hilo.

Bei za kabichi, karoti na njegere zinarudi kwenye ukurasa huu wiki ijayo.